Bila shahidi wa macho, kesi ya mauaji inasimama?
Umeuliza kama mtu anaweza kutiwa hatiani kwa mauaji bila aliyeona. Anaweza. Ushahidi wa mazingira, yaani dalili zinazolizunguka tukio, unatosha, mradi vipande vyake vishikane na visiache maelezo mengine ya maana isipokuwa hatia ya mshtakiwa. Panga lenye damu uvunguni mwa kitanda chake, peke yake, halitoshi: nani mwingine analala chumba kile?

Kukiri nako kuwe kwa hiari. Maneno yaliyotolewa kwa kipigo yasipokelewe kabisa, maana wasio na hatia wameozea jela kwa njia hiyo. Ila aliyekiri kwa hiari, kisha akawapeleka polisi hadi shimo alimofukia mwili, hapo kujinasua ni vigumu. Nia ya kuua nayo ithibitishwe: huangaliwa silaha, mahali pa jeraha na idadi ya mapigo.