Maswali ya Wasomaji: Mto Ruvu Ukipungua, Wa Mlimani Hujua Kwanza

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Kimara, upande wa mlimani. Kiangazi kikirefuka, maji ya bomba hutufikia usiku wa manane, mara moja kwa wiki, na pengine hayafiki kabisa, ilhali mdogo wangu anayekaa bondeni hujaza simtanki lake bila taabu. Tunahimizwa kubana matumizi, lakini bomba lililopasuka mtaani kwetu limemwaga maji barabarani siku nyingi, ingawa tulikwisha kutoa taarifa. Je, upungufu huu ni wa kweli? Na je, nichimbe kisima au niongeze tangi? — Mama wa watoto wanne, Kimara, Dar es Salaam.

JIBU: Upungufu ni wa kweli, mama, na huanzia mbali na Kimara. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, ambao hutegemea mvua za Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, na huchotwa na mitambo miwili: Ruvu Juu iliyoko Mlandizi, yenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini iliyoko Bagamoyo, yenye uwezo wa lita milioni 270. Mitambo hiyo ilijengwa ichote maji yanayopita mtoni, bila bwawa kubwa la kuyaweka akiba maji ya masika hadi Oktoba. Ndiyo maana vuli ya mwaka 2022 ilipochelewa, uzalishaji ulishuka kutoka lita milioni 466 hadi takriban milioni 300 kwa siku, na jiji zima likaingia katika mgawo.

Mkataba wa kujenga Bwawa la Kidunda kwenye mto huohuo, lililozungumzwa kwa miongo mingi, ulitiwa saini Novemba 2022. Bwawa hilo limepangwa kuhifadhi lita bilioni 190. Ukigawanya kwa uzalishaji wa kawaida wa mitambo hiyo miwili, utaona kwamba likijaa ni akiba ya zaidi ya siku 400, bila kuhesabu maji yanayopotea kwa mvuke.

Kuhusu mdogo wako, hapo hakuna upendeleo wa lazima. Maji yakiwa machache, msukumo ndani ya mabomba hupungua, na walioko bondeni hujaza matangi yao kabla maji hayajapata nguvu ya kupanda kwenu. Usiku wa manane, wao wakiwa wamefunga koki, ndipo zamu yenu inapofika. Mgawo wa haki, kwa maoni yetu, ni ule unaofunga valvu za bondeni kwa saa zilizotangazwa na kufuatwa, ili mama wa mlimani asikeshe akisikiliza kama bomba limeanza kukoroma.

Kwa habari ya bomba lililopasuka, hasira yako ina msingi, kwa kuwa ni vigumu kumshawishi mtu aogee ndoo moja huku akiruka dimbwi la maji safi kila anapokwenda dukani. Toa taarifa tena, udai namba ya taarifa hiyo, na uiandike pamoja na tarehe. Huko juu ya mto nako kuna wajibu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani mbele ya kilimo na viwanda.

Kisima tusingekishauri kwa haraka. Kisima kifupi, katikati ya nyumba zilizobanana, hukaa jirani na mashimo ya vyoo; kirefu huhitaji kibali na fedha nyingi, na katika maeneo ya karibu na pwani, kadiri watu wanavyozidi kuvuta ndivyo maji ya chumvi yanavyosogea.

Ongeza tangi, lakini kwanza chunguza uvujaji wa ndani. Usiku, funga koki zote wakati maji yanatoka, kisha tazama mita: kigurudumu chake kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna mahali panapovuja. Chooni, tia chai ya rangi iliyopoa ndani ya tangi la kuvutia maji. Ikijitokeza kwenye sinki la choo kabla hujavuta, raba imechoka, na kuibadilisha si gharama kubwa.

Halafu funga mfereji kwenye bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita za mraba 80 likipata milimita 10 hukusanya hadi lita 800, sawa na madumu 40 ya lita 20, ukiondoa kidogo kinachopotea. Maji ya dakika za mwanzo yaache yamwagike, maana huosha vumbi na kinyesi cha ndege, na yale ya kunywa uyachemshe.