Msiulize miaka, ulizeni nani alimsahihisha

Swali la gazeti lenu wiki hii linasema: kazini, nani aaminiwe zaidi, mwenye cheti au aliyeizoea kazi? Najua majibu mengi yatajigawa pande mbili, waliosoma wakiutetea usomi na waliojifunzia kazini wakiutetea mkono. Mimi ni fundi umeme. Nilianza kama saidia fundi, nikibeba ngazi na kuvuta waya kwenye mabomba, na darasani niliingia baadaye nikiwa mtu mzima. Pande zote mbili nimezikalia na hakuna ulioniridhisha. Miaka, iwe ya shule au ya kazi, haisemi mengi. Ningependa kujua kitu kingine kuhusu mtu huyo: alipokosea, kosa lilimrudia? Yuko aliyemwonyesha?

Nianze na hitilafu ambayo fundi yeyote wa umeme ameshakutana nayo. Unaitwa kwenye jengo lenye umeme wa fezi tatu, yaani unaoingia kwa nyaya tatu zenye moto. Vyumba vya upande mmoja taa zinawaka kupita kiasi, zinaumiza macho, na televisheni imeshaungua. Upande wa pili taa zimefifia na friji linanguruma bila kushika. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa hahitaji hata kufungua begi. Anasema "nyutro hiyo", yaani waya wa kurudishia umeme ambao fezi zote tatu zinautumia, anakwenda moja kwa moja kwenye mein swichi, ananusa, anasogeza kiganja karibu na maungio bila kugusa ili asikie joto, anazima, halafu ndipo anachukua bisibisi na kukaza skrubu ambayo plastiki yake imeshageuka kahawia. Mara nyingi alikuwa amepatia. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha harufu ya plastiki inayoanza kuungua, na mpaka leo pua yangu naiamini kabla ya mita.

Ila nilipomuuliza kwa nini upande mmoja uungue na mwingine ufifie, alinijibu kwamba umeme umechanganyikiwa. Darasani jibu lilikuja kwa mchoro mmoja ubaoni. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230. Kati ya fezi na fezi, volti 400. Nyutro ikikatika, vyombo vya fezi mbili vinajikuta vimefuatana kwenye mstari mmoja wenye volti 400, na vinagawana kulingana na mzigo: upande wenye vyombo vichache unapata volti nyingi, wenye vyombo vingi unapata kidogo. Na hapo linatoka jambo ambalo mzee wangu hakulijua, pamoja na uzoefu wake wote. Mwenye nyumba akiona taa zinawaka kupita kiasi, hukimbilia kuchomoa vyombo vya upande ule kimoja kimoja akidhani anaviokoa. Kila anachochomoa kinapunguza mzigo wa upande huo, na vilivyobaki vinaongezewa volti. Dawa ni kuzima yote kwa mpigo. Mzee alikuwa anazima kwa mazoea, kwa hiyo hakuwahi kuunguza kitu. Lakini mteja akipiga simu usiku naye yuko mbali, hakuwa na la kumwambia zaidi ya "nisubiri nije".

Msije mkadhani naelekea kusema shule ndiyo mshindi.

Zamani mzigo wa majengo mengi ulikuwa taa za kale, pasi na hita. Mafundi walikuwa na kanuni yao: gawa mzigo sawasawa kwenye fezi tatu, nyutro haitabeba kitu. Kwa vyombo vile ni kweli kabisa. Zikaja kompyuta, chaja na taa za LED. Hivi havivuti mkondo kwa utulivu, vinauvuta kwa vishindo, na vishindo hivyo vinazaa mikondo yenye masafa, yaani kasi ya kupigapiga kwa umeme, mara tatu ya yale ya kawaida. Mikondo ya namna hiyo haifutani kwenye nyutro, inajumlishana. Unaweza kugawa mzigo ukalingana hadi ampea ya mwisho na nyutro bado ikachemka. Niliwahi kusimama kwenye ofisi moja iliyojaa kompyuta nikisikiliza fundi mkongwe akibishana na kijana aliyetoka chuoni juu ya jambo hilihili. Mkongwe hakukubali kwamba nyutro inaweza kuzidiwa. Kila mwaka wake wa kazi ulikuwa umemthibitishia kinyume chake. Kijana alikuwa na nadharia iliyonyooka, akatoa mita ya kubana waya ili amalize ubishi. Ilikuwa mita ya aina ile isiyojua kusoma mkondo wa vishindo, ikampa namba ndogo, naye akaanza kurudi nyuma. Ni mkongwe aliyesogeza mkono akasema: nyie bishaneni, lakini waya huu una moto. Kijana alikuwa sahihi na karibu aikane kweli yake kwa sababu ya kifaa asichokijua vizuri. Mkongwe alikuwa amekosea, lakini mkono wake haukudanganyika.

Sasa niwape mfano mkubwa, ambao kwangu ndio unaovunja swali lenu. Mnamo Agosti 29, 1907, daraja la Quebec lililokuwa likijengwa juu ya mto St. Lawrence nchini Kanada lilianguka na kuua wafanyakazi 75. Mshauri mkuu wa kazi ile alikuwa Theodore Cooper. Shule alikuwa nayo, na uzoefu wa miongo mingi kwenye madaraja alikuwa nao, jina lake likijulikana Marekani nzima. Kwa kipimo chochote cha gazeti lenu angepita. Urefu wa katikati ya daraja ulikuwa umeongezwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800, na uzito wa chuma haukukokotolewa upya inavyotakiwa. Cooper alikaa New York. Tangu chuma cha daraja kianze kupandishwa hakuwahi kufika kukiona. Waliokuwa juu ya chuma walikuwa wameshaona: matundu ya ribiti, misumari ya kuunganishia vyuma, hayalingani, vyuma vya chini vinapinda siku hadi siku. Wakubwa wao wakabishana kama vilipinda pale au vilitoka kiwandani vimepinda. Mhandisi kijana aliyekuwa kwenye eneo la kazi alisafiri hadi New York kumweleza Cooper. Cooper alielewa mara moja, akapeleka telegramu kwa kampuni iliyotengeneza chuma, huko Pennsylvania, kwamba daraja lisiongezewe mzigo. Walioko darajani hawakupata amri ya kusimama kwa wakati. Jioni ile likaenda chini.

Nimelisoma tukio hilo mara nyingi na kila mara nakwama palepale. Elimu ilikuwepo, uzoefu ulikuwepo, macho yaliyoona yalikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya habari ya kosa kumfikia mwenye hesabu mapema, na amri yake kurudi darajani kabla chuma hakijaanguka. Na wenye njia hiyo mkononi, vibarua na mafundi wa ribiti, hakuna aliyeona kwamba wana elimu ya kusikilizwa.

Wanaopenda kusema "mbona Faraday hakusoma" huwa wananichosha kidogo. Ni kweli, Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza aliyechunguza umeme, aliacha shule mapema na akiwa na miaka 14 akawekwa kwa mjalidi wa vitabu kujifunza kazi hiyo, akakaa miaka 7. Lakini 1812 alihudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy, akaandika kila alichosikia, akayajalidi maandishi yake na kumpelekea Davy mwenyewe, na 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wake maabara. Tangu hapo alikaa na mtu anayemzidi, kwenye meza ambayo jaribio likikataa limekataa mbele ya macho yake. Hilo wengi waliokalia madawati hawakulipata. Mwaka 1831 akagundua kwamba sumaku ikisogezwa kwenye koili huzaa mkondo, na umeme wa majenereta unaoingia kwenye nyumba zetu unatokana na hapo. Hesabu za juu hakuwa nazo. Mwanafizikia James Clerk Maxwell, aliyesoma Edinburgh na Cambridge, ndiye aliyeyageuza mawazo ya Faraday kuwa hesabu, na mwaka 1857 Faraday alimwandikia barua akiuliza kama wanahisabati hawawezi kuyaeleza matokeo yao pia kwa lugha ya kawaida, ili watu kama yeye wayafanyie majaribio. Ombi hilo ningelitundika kwenye kila chuo cha ufundi.

Wapo waliolipima jambo hili kwa namba. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya miaka 85 ya utafiti kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kwa kipimo ambacho 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kulingana kabisa, miaka ya shule ilihusiana na ubora wa kazi kwa 0.10 tu. Miaka ya uzoefu, 0.18. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye mbele yako, 0.54. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizikokotoa upya namba hizo na nyingi zikashuka, lakini miaka ya uzoefu ilibaki miongoni mwa vipimo dhaifu. Na madaktari nao hawakusalimika. Mapitio yaliyochapishwa 2005 kwenye jarida la kitabibu la Marekani yalikusanya tathmini 62 za madaktari kwa miaka yao ya kazi, na zaidi ya nusu zilionyesha ubora ukipungua, si kuongezeka, kadiri miaka inavyokwenda.

Kwangu hilo halishangazi. Chukua kiungo cha waya kilichokazwa nusunusu. Siku ya kwanza taa inawaka, mteja anafurahi, fundi analipwa. Kiungo kinapata joto kidogo kila mzigo unapopanda, kinapoa, kinalegea zaidi, plastiki inakauka. Siku kitakapowaka moto, miaka imepita na fundi yule yuko kwingine anasifiwa kwa uzoefu wake. Anaweza kufanya kazi maisha yake yote akikaza skrubu vibaya, na kila siku kazi ikamwambia kwamba yuko sawa. Kuishi kwingi ni kuona mengi, ndiyo, kama unarudi kuangalia. Mpishi hana tatizo hili: chumvi ikizidi, atajua kabla sahani hazijaoshwa. Ndiyo maana nadhani hakuna jibu moja linalofaa kila kazi. Kazi ambayo kosa linarudi leo leo, mwachie mzoefu. Kazi ambayo kosa linajificha nyuma ya ukuta miaka kumi, hapo nataka mtu aliyefundishwa kuliona kabla halijatokea, na nataka sheria imdai leseni, kwa sababu mteja hana njia ya kukagua kilichofukiwa.

Waajiri wanayajua haya na bado matangazo yao ni yaleyale: shahada, na uzoefu usiopungua miaka mitano. Mwanauchumi Michael Spence alieleza sababu tangu 1973, na kazi hiyo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001: cheti ni ishara, kinamwambia mwajiri kwamba mtu huyu aliweza kuvumilia jambo gumu, hata kama alichosoma hakihusiani na kazi. Kusoma ishara ni rahisi kuliko kumjaribu mtu. Anayeumia ni kijana anayeambiwa alete uzoefu ambao hakuna aliye tayari kumpa, na mkongwe anayepitwa cheo na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

Njia za kutoka zipo. Ujerumani mwanafunzi wa ufundi huajiriwa na kampuni na huku anakwenda shule siku chache za wiki, utaratibu uliowekewa sheria 1969. Lawama yake ni kwamba watoto huchujwa mapema mno kwenda njia hii au ile. Ufaransa ina sheria ya 2002 inayomruhusu mtu kupata cheti, hata shahada, kwa kuthibitisha mbele ya jopo alichojifunza kazini. Ya pili ndiyo inanivutia zaidi, kwa sababu inamlazimu mkongwe kueleza anachokifanya, na akieleza ndipo anapogundua asichokijua.

Vijana wakija kwangu kuomba kazi, cheti nakiweka pembeni kwanza. Nawapa bodi yenye hitilafu niliyoipanga mwenyewe, nawaambia nimezima umeme, halafu nakaa kimya. Anayetoa testa na kuhakikisha mwenyewe kabla ya kugusa, ingawa nimemwambia nimezima, tunaendelea naye. Kisha namuuliza kazi aliyoifanya mwaka juzi ikoje leo. Wengi hawajui, na hawaoni kwa nini wajue. Mmoja mmoja hujibu kwamba alipita kuiangalia, akakuta hiki na kile. Huyo namchukua. Akiwa hana cheti, anaanza chini ya mwenye leseni na nampangia siku za darasa. Akiwa nacho, anaanza kwa kubeba ngazi.