Babu hakuchanganyikiwa: maswali yenu ya modeli za ndege za mabomu

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi niko Nairobi, babu yetu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa Kiafrika katika jeshi la Mwingereza, na alipokuwa hai alizoea kutuambia kwamba mwaka 1940 pale Eastleigh aliona ndege za Mjerumani zikirushwa na watu wa upande wa Mwingereza, sisi wajukuu tukawa tunaona uzee tu umemuingia. Juzi nimesoma nikakuta ni kweli kabisa, zilikuwa Junkers Ju 86 za Afrika Kusini. Sasa nataka kuitengeneza kwa kipimo cha 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, mama aiweke sebuleni. Nimeona maboksi mawili ya vipande vya kuunganisha ya kampuni ya Italeri, moja toleo la D moja la E, sielewi nichukue lipi au nichonge yote kwa mbao. Naomba mwongozo.

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu babu, hakuchanganyikiwa hata kidogo. Zile ndege shirika la South African Airways lilizinunua Ujerumani kabla ya vita kwa ajili ya kubeba abiria, vita ilipoanza jeshi la anga la Afrika Kusini likazichukua, likazifunga vishikio vya mabomu na bunduki, alafu skwadroni namba 12 ikaja nazo Kenya. Italia ikatangaza vita tarehe 10 Juni 1940, na kesho yake tu hizo Junkers zikaenda kupiga Waitaliano Moyale, Waitaliano nao wakajibu Wajir tarehe 13. Kwahiyo unachotaka kugeuza wewe ni ndege ambayo mafundi wa wakati ule walishaigeuza mara moja kutoka abiria kwenda vita, na ukilishika hilo kichwani kazi yako yote inanyooka.

Chukua E. Wala usisite. Sababu ni injini. Toleo la D linatumia Jumo 205 ambayo ni injini ya dizeli, kila silinda ina pistoni mbili zinazokutana katikati, ni nyembamba na ndefu kwenda juu na boma lake, yaani ile nyumba ya injini kwenye bawa, limekaa kihivyohivyo, yaani jembamba. E inatumia BMW 132, injini ya duara yenye silinda 9 zilizopangwa kama miale ya jua. Sasa ndege za Afrika Kusini zilikuwa na injini ya Hornet ya Pratt & Whitney wa Marekani, na hiyo BMW 132 ilizaliwa kutokana na Hornet hiyohiyo kwa leseni, ni kama ndugu wa tumbo moja, unene wake ni mita 1.38 hivi. Gawa kwa 72 unapata milimita 19. Ukinunua D itakubidi ukate maboma yote mawili uyajenge upya kutoka sifuri, nimeona watu wakifanya hivyo kwa sababu boksi la D lilikuwa la bei rahisi, wakaishia kutumia miezi.

Kazi yako kubwa itakuwa bodi. Ndege ya abiria ilikuwa na safu ya madirisha ubavuni na haikuzaliwa na pua ya vioo ya mrusha mabomu kama ile iliyomo kwenye boksi. Kwahiyo tafuta picha, na simaanishi picha ya Ju 86 yoyote, tafuta picha ya zile za skwadroni namba 12 zikiwa Kenya, uangalie pua, uangalie bunduki zilikaa wapi, alafu uchague ndege moja ndo hiyohiyo uifuate mpaka mwisho. Usichanganye pua ya hii na mgongo wa ile. Mama yako anaweza asijue tofauti lakini babu angeijua, na modeli hii ni ya babu.

Madirisha yachore kwa penseli kabla hujagundisha nusu mbili za bodi, toboa vitundu vidogo kwa drili ya mkono kuzunguka ndani ya mstari, sukuma kipande kidondoke alafu malizia kwa tupa ndogo taratibu. Kioo cha dirisha dogo hivyo hakuna haja ya kukata plastiki, chukua gundi nyeupe ya mbao kwa ncha ya kijiti cha meno, izungushe kwenye kingo mpaka itande kama utando wa sabuni, ukiamka asubuhi imekauka na inapitisha mwanga. Ila fanya hiyo mwisho kabisa baada ya kupaka rangi.

Na kuhusu kuchonga yote kwa mbao, mimi nakushauri uanze na boksi, ila nisikukatishe tamaa kwa sababu kuchonga ndo mama wa kazi hii. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge modeli za mbao laki 5, za kipimo hichihichi cha 1/72, ili askari wajifunze kutambua ndege ya adui na ya rafiki kwa umbo. Watoto wa shule! Kwahiyo mikono yako inaweza. Bawa la Ju 86 ni mita 22.5 kutoka ncha hadi ncha, kwako inakuwa sentimita 31 na kidogo. Balsa, ile mbao nyepesi ya modeli, kama huipati mbao ya msufi ni laini na nyepesi, inachongeka vizuri kwa kisu kikali, ila hakikisha imekauka kwelikweli. Mimi bodi yangu ya kwanza ya msufi niliichonga mbichi, nikaipaka praima, baada ya wiki mbili mkia ukawa umepinda kulia na mpasuko umetokea tumboni, iliniuma sana kwa sababu nilikuwa nimeshaipiga msasa siku tatu. Siku hizi mbao naiweka darini miezi mitatu kabla sijaigusa.

SWALI: Mambo vipi fundi, niko Arusha. Nina modeli ya zamani ya Lancaster, ndege ya mabomu ya Mwingereza, yenye injini za Merlin, nataka niigeuze iwe toleo la Mark II. Injini nitoe wapi?

JIBU: Poa kaka. Mark II ilifungwa injini za Hercules za kampuni ya Bristol kwa sababu Waingereza waliogopa Merlin zitaadimika, zikatengenezwa 300 tu. Hercules ina silinda 14 kwenye safu mbili, moja nyuma ya nyingine, kwahiyo usije ukachukua injini ya safu moja ukadhani haitaonekana, inaonekana. Chukua kwenye boksi la Halifax Mark III, ndege nyingine ya mabomu ya Mwingereza, nayo ilitumia Hercules. Maboma ya Merlin yakate mbele kidogo ya bawa, kata kwa msumeno mwembamba na sio kisu cha moto, na yale mawili ya ndani yawekee akili kwa sababu magurudumu yanaingia humo. Mabomba ya moshi na mapangaboi pia badilisha. Kama unapenda matokeo kuliko safari, Airfix walishatoa Mark II yenyewe kwa 1/72.

SWALI: Fundi salamu kutoka Mombasa. Vioo vya modeli yangu ya Wellington, ndege ya mabomu ya Mwingereza, vimepotea, vya kuagiza ni ghali mno. Kuna njia?

JIBU: Ipo dada, tena njia nzuri kuliko vioo vingi vya kwenye boksi. Chonga umbo la kioo kwa mbao ngumu, punguza kama nusu milimita pande zote kwa sababu plastiki itaongeza unene wake, refusha na kitako chini ili upate pa kushika. Lipake gundi ya supaglu, piga msasa namba 600 na kuendelea mpaka ling'ae, maana kila mkwaruzo wa mbao utajichora kwenye kioo. Alafu chukua chupa ya soda ya plastiki yenye ubavu laini, kata chini, ingiza umbo ndani, libane kwa vipande vya mbao, ukapulizie moto wa bunduki ya hewa ya moto ukizungusha. Ile plastiki inajikunja yenyewe inalikumbatia umbo kama ngozi ya ngoma. Ikipoa kata kwa wembe mpya. Ikiharibika chupa nyingine ipo, mimi huwa natengeneza nne nachagua moja. Fanyia nje penye upepo tafadhali, plastiki ikiungua ule moshi sio wa kuvuta. Fremu usizipake kwa mkono, paka rangi kwenye selotepu, kata vipande vyembamba ubandike.

SWALI: Modeli yangu ya B-25, ndege ya mabomu ya Marekani, inakaa kwa mkia, pua inaangalia juu. Nifanyeje? Msomaji, Tanga.

JIBU: B-25 ina gurudumu la pua, kwahiyo uzito lazima uwe mbele ya magurudumu makubwa. Nunua chubwi za wavuvi hapohapo Tanga, vile vizito vya madini ya risasi, zijaze nyuma ya chumba cha rubani na ndani ya maboma ya injini sehemu ya mbele kabla hujafunga bodi, huku unaijaribu juu ya kidole. Ila usizigundishe kwa gundi nyeupe ya mbao, risasi na gundi hiyo zinakulana taratibu, risasi inavimba na baada ya miaka inapasua bodi kutoka ndani. Tumia Araldite, ile gundi ya kuchanganya mbili. Na ukishashika risasi nawa mikono kabla hujala, watoto wasizichezee.

Kama umeshaifunga bodi basi usiivunje, toboa tundu pale gurudumu la pua linapoingilia na udondoshe chubwi ndogondogo pamoja na Araldite, alafu iegemeze pua chini usiku mzima.