Kijana mpweke usimnyang'anye simu

Mbeya ikifika Juni, saa moja jioni watu wameshajifungia ndani. Baridi ya hapa Iyunga inachoma, na wanafunzi wa chuo waliopanga vyumba nyumbani kwangu huingia kwenye blanketi mapema, kila mmoja na simu yake. Wanatenganishwa na ukuta mmoja tu, lakini mtu anaweza kulia usiku kucha jirani asijue. Wazazi wao hunipigia wakiuliza: mama, nimkataze simu?

Huwa nawajibu hapana. Kwenye simu hiyo ndiko inakoingia hela ya chakula, ndiko anakotumiwa notsi, ndiko anakosikia sauti ya bibi yake wa Tukuyu. Kinachomuumiza kijana ni kule kutazama tu. Analala chali anaperuzi Instagram na TikTok, anaona waliosoma naye wako Dar es Salaam, wamependeza, wanacheka. Yeye hajasema neno na mtu tangu atoke darasani, wala hakuna aliyemuuliza ameshindaje. Bando linakwisha usiku wa manane, ndipo anakumbuka hajala.

Mwaka 2018 Melissa Hunt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wao kwa wanafunzi 143. Baadhi yao walitakiwa watumie Facebook, Instagram na Snapchat dakika 10 tu kwa siku kwa kila mtandao. Baada ya wiki tatu, upweke na sonona vilikuwa vimepungua kwao kuliko kwa wenzao walioendelea kama kawaida. Walipunguza tu, hawakuacha. Ndiyo maana sioni faida ya kuvunja simu ya mtoto.

Kuna binti alikuwa hatoki kabisa chumbani. Habari ya simu sikuigusa. Nilimwomba anisaidie kumenya viazi, kisha nikaenda naye sokoni Mwanjelwa kwa daladala. Tulivyokuwa tunarudi na mizigo akaniambia, "Mama, leo nimeongea mpaka koo limekauka." Baadaye akaanza kuwaita wenzake wa vyumba vya jirani wapike pamoja, maana mkaa wa mmoja unatosha watatu.

Kwa hiyo, kijana, zima arifa za mitandao, bakiza mlio wa mtu anayekupigia. Ukiona picha ya rafiki yako, usiishie kumwekea kopa. Mpigie, mpange mkutane wapi Jumamosi. Usiku chaji simu mbali na kitanda.

Ila kijana asiyekula, asiyelala, au anayesema hataki kuishi, huyo usimwachie ushauri wa kwenye makala. Msindikize hospitali leo leo, na usimwache peke yake.

Na wewe mzazi, ukimpigia usianze na matokeo ya mtihani. Muulize jana alikula na nani.