Maswali ya Wasomaji: Rangi ya kopo, plastiki na leza

SWALI: Natengeneza vibao vya milango kwa ajili ya loji. Leza yangu, yaani mashine ya kuchora kwa mwanga mkali, ni ndogo, ya mwanga wa bluu, wati 10. Kwenye perspeksi angavu, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo, haichori chochote. Nikaipulizia rangi nyeusi ya kopo, ya kung'aa; sasa inachora, lakini kingo za herufi zinabaki na utando unaonata. Ninunue rangi gani?
Msomaji wa Sakina, Arusha

JIBU: Wazo lako ni sahihi, kopo ndilo silo. Mwanga wa bluu, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 450 hivi, hupenya perspeksi angavu kama unavyopenya kioo cha dirisha. Rangi ndiyo inayoushika na kuugeuza joto. Kopo ulilotumia huenda ni la enameli, yaani jamaa ya rangi ya mafuta. Hiyo hukauka juu kwanza, ndani ikabaki laini kwa siku kadhaa, na leza ikipita inaiyeyusha na kuisukumia pembeni badala ya kuiunguza ikaondoka.

Tafuta kopo lililoandikwa lacquer, yaani laka, na matt, yaani isiyong'aa, la rangi nyeusi. Laka hukauka kwa kimiminika chake kuruka tu, na weusi usiong'aa haurudishi mwanga mwingi. Rangi za fedha na dhahabu zina chembe za metali zinazorudisha mwanga. Usizitie chini ya leza, kazi yake inakuja baadaye.

Osha perspeksi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ikauke. Tikisa kopo dakika mbili baada ya kusikia gololi ikigonga. Simama sentimita 25 hadi 30, anza kupuliza nje ya ukingo na umalizie nje ya ukingo. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, bado unaona upande wa pili. Ukilowesha sana, kimiminika kitaitafuna plastiki. Subiri dakika 10, ongeza miwili myepesi. Ukiielekeza kwenye taa na usione vitundu, inatosha. Rangi nene haina faida, inaongeza masizi tu.

Kisha iache saa 24, na Juni hadi Agosti huko kwenu iache 48. Asubuhi za baridi kopo linatema matone badala ya ukungu: liloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu, kamwe si ya moto wala jikoni. Siku ya manyunyu usipulize kabisa; unyevu hunasa kwenye laka na nyeusi inageuka kijivu.

Kwa vibao vya loji, paka nyuma. Geuza maandishi kama kwenye kioo cha kujitazamia, choma rangi upande huo wa nyuma, futa masizi kwa kitambaa chenye maji, halafu pulizia dhahabu juu ya yote. Ukikigeuza kibao, herufi za dhahabu zinaonekana chini ya uso laini usiochunika. Kibao kiinue sentimita moja au mbili juu ya meza, kwa sababu mwanga uliopenya unaunguza meza na moshi wake unachafua uso. Anza na nguvu asilimia 30 kwenye kipande cha mabaki, panda kumi kumi.

SWALI: Nabandika stika kwenye perspeksi kama kinga, naichonga kwa leza ya CO2 (inayotumia gesi ya kaboni dioksidi), kisha napulizia rangi kwenye herufi. Rangi inavujia chini ya stika, na nikifuta kwa thina vinatokea vinyufa vyeupe. Kwa nini?
Fundi wa Majengo, Moshi

JIBU: Kwanza iache hiyo stika. Nyingi ni PVC, plastiki yenye klorini ndani yake, na PVC ikichomwa hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni: inaumiza mapafu, inakula lenzi na reli za mashine. Tumia utepe wa karatasi wa wapaka rangi, uusugue kwa kadi ngumu hadi mapovu yaishe. Rangi inavuja kwa sababu unalowesha. Puliza ukungu mara tatu, ukungu ukielekea moja kwa moja kwenye herufi, si kwa mshazari. Bandua utepe baada ya dakika 10 hadi 15, rangi ikiwa bado laini kidogo. Ukingoja ikauke kabisa, ukingo unabanduka pamoja na utepe.

Vinyufa ni kazi ya thina. Joto la leza huacha mkazo kando ya mchongo, na thina au spiriti ikiugusa, perspeksi inapasuka. Futa kwa sabuni na maji. Kama oda ni ya maana, jaza herufi kwa brashi na rangi ya akriliki ya maji. Inachelewa, lakini haipasui.

SWALI: Nitajuaje kama plastiki ya mabaki ni PVC?
Msomaji, Moshi

JIBU: Nje, penye upepo: pasha waya wa shaba hadi moto usiwe na rangi, gusisha plastiki, urudishe motoni. Moto wa kijani maana yake kuna klorini. Usiitie kwenye leza, hata ukiipaka rangi gani.