Kabla hujaalika wenzako kuvua, uliza mwezi ngapi

Mara ya kwanza tulikwenda Jumamosi kwa sababu ndiyo siku ambayo sote wanne hatukuwa kazini. Tulifika Mji wa Kale, Mombasa, saa nne asubuhi, tukashuka mawe ya ufuoni karibu na Bandari ya Kale na mishipi mipya na ndoo kubwa ya kutilia samaki. Maji hayakuwapo. Yalikuwa yamekupwa, mawe yako wazi, yamejaa chaza na utelezi, na karibu kila tulipotupa, ndoana ilinasa. Kufikia adhuhuri tulikuwa tumekatikiwa na ndoana 11, na ndoo ilikuwa kavu.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu pale juu alitutazama muda mrefu, kisha akauliza, "Wanangu, leo mwezi ngapi?" Tukatoa simu, tukamtajia tarehe. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya kupokea mshahara. Mimi nauliza mwezi."

Nimevua pale mara nyingi tangu siku hiyo, na ukiniomba ushauri mmoja tu nitakurudishia swali la mzee. Usipange kuvua kwa nafasi yako. Panga kwa maji, halafu ndiyo utafute wenzako wa kwenda nao.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Hapo Mombasa maji hujaa mwendo wa saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka mwendo wa saa nne. Kati ya kujaa na kupwa kwa bamvua kuna zaidi ya mita 3, yaani kimo cha watu wawili waliopandana. Sisi tulikuwa tumefika saa nne ya bamvua. Usingeweza kuchagua saa mbaya zaidi.

Sasa hesabu kutoka hapo. Mwezi sita, yaani siku ya sita tangu mwezi uandame, maji hujaa saa mbili na kitu asubuhi. Yanakuwa yameanza kupoa kuelekea maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, mkondo hauburuti chubwi lako, kile kizito cha kuzamishia mshipi, hadi kwa jirani, lakini bado yanatembea kiasi cha kumleta samaki mawe kwa mawe kutafuta chakula. Wavuvi wa kazi wana hesabu zao za ndani zaidi, na wengine hupenda bamvua. Kwa kundi la marafiki walio nchi kavu, na hasa mkiwa na mtu anayejifunza, mimi nachagua mwezi tano au sita. Tunafika saa kumi na mbili, tunavua maji yakijaa, na saa nne jua linapoanza kuchoma tunakunja mishipi. Masaa manne ya kungoja chini ya jua maji yakiwa yamekwisha yamewachosha watu wengi, na hawakurudi tena.

Mahali napo pana masharti yake. Kilindini, kama jina lake linavyosema, ni kilindi, na kuna samaki, lakini ni bandari ya meli kubwa yenye ua na askari. Usijaribu. Kivuko cha Likoni nacho si mahali pa kurusha ndoana huku watu wanapita. Bandari ya Kale ina lango lake pia. Sisi huvua nje ya ua, na kwanza tunawasalimu tuliowakuta. Kila jiwe lina mwenyewe wa siku nyingi, na salamu ndiyo itakayokuonyesha lipi liko wazi. Kuhusu ruhusa na kanuni, pita ofisi ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ya hapo ulipo uwaulize. Ni watu wa kuongea nao.

Vifaa visikutie gharama. Mshipi wa nailoni wa kubeba kilo 10 hivi, umezungushwa kwenye chupa ya plastiki, unatosha kabisa. Chambo ni kamba au ngisi waliokatwa vipande vidogo, na unga wa ngano uliokandwa ukawa mgumu kwa ajili ya tasi na chuchunge. Ndoana ziwe ndogo. Wageni hununua kubwa wakimuota kolekole, wakati walio karibu na mawe ni tasi na changu wadogo wenye midomo midogo.

Kuhusu chubwi nitakaa kidogo, maana ndilo lililotumalizia ndoana. Tumia plagi kuukuu ya pikipiki, fundi yeyote atakupa bure. Usiifunge moja kwa moja kwenye mshipi. Ifunge kwa kipande cha uzi mwembamba zaidi, urefu wa shibiri. Chubwi likinasa, unavuta, ule uzi mwembamba unakatika peke yake, na ndoana inarudi na samaki wake. Tangu nijifunze hivyo sijapoteza ndoana zaidi ya mbili kwa siku. Na chini pale kuna vya kunasa tele: mbele ya Ngomeni, yaani Fort Jesus, ndipo ilipozama meli ya Wareno, Santo António de Tanná, mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira ngome. Mimi kila ninaponasa naikumbuka.

Ukishatupa, usiufunge mshipi kwenye jiwe ukaenda kupiga soga. Upitishe juu ya kidole cha shahada, usikaze, usilegeze. Tasi hudonoa, tik, tik, tik, kama mtoto anayegonga mlango kwa ukucha. Ukivuta hapo unamnyang'anya chambo. Ngoja mpaka uusikie mshipi unaondoka polepole, kisha vuta mara moja, kwa kiganja tu.

Sasa hatari. Tasi ni mtamu, lakini miba yake ya mgongoni na tumboni ina sumu. Safari yetu ya tatu, rafiki yangu aliyekuwa na furaha ya samaki wake wa kwanza alimkamata kwa mkono mtupu. Ndani ya dakika chache mkono ulikuwa umevimba, na jasho linamtoka, mtu mzima anauma meno. Tulikimbia kwa mama anayeuza mahamri hapo juu, akatupa sufuria ya maji ya moto aliyokuwa ameyaweka ya chai. Tulipunguza kwa ya baridi mpaka mkono wangu mzima uliyavumilia, kisha tukauchovya wake, tukawa tunaongeza ya moto kila yalipopoa. Joto huvunja nguvu ya sumu hiyo. Baada ya nusu saa alianza kuongea. Sasa hatutoki bila chupa ya maji ya moto, koleo na kitambaa kizito cha kumshikia samaki. Maumivu yasipopungua, au pumzi ikibana, ni hospitali moja kwa moja.

Na bunju, yule anayejivimbisha kama mpira: mtoe kwenye ndoana, mrudishe majini. Asiliwe, hata ukiambiwa fulani anajua kumpika. Sumu yake haitoki kwa moto, na inaua. Usimtupie hata paka.

Vaeni viatu vya raba, chaza hukata kama wembe. Anayerusha atazame nyuma kwanza. Vipande vya nailoni vyote virudi nyumbani mfukoni, kwa sababu kasa hunaswa navyo, na nimemwona mmoja akiwa na uzi shingoni. Picha hiyo haijanitoka.

Mwezi sita uliopita tulipata tasi tisa na changu watatu, wadogo tuliwaachilia. Tuligawana pale pale juu ya gunia, fungu la kwanza la mzee wa wavu. Mama wa mahamri tulimpelekea tasi wawili. Akafungua kibindo atulipe, tukakataa, akatufungia mahamri ya moto kwenye gazeti, na mbaazi juu yake.