Hadithi ya fisi mwenye taa machoni, na kipindi cha mwanga

Mkuu, umeuliza kama kufundisha mwanga kwa hadithi si kupoteza kipindi, maana watoto watacheka weee halafu watoke kapa. Inategemea unaikatia wapi. Mimi nafundisha shule ya msingi huku vijijini Dodoma, na hadithi huwa siimalizi. Naisimamisha penye ubishi, ndipo vifaa vinatoka.

Mfano: fisi anamtambia sungura kwamba yeye hahitaji mbalamwezi, ana taa zake machoni. Sungura anakataa. Hapo nauliza, nani mkweli? Karibu darasa zima litamuunga mkono fisi, na usiwacheke, wameshamulika mbuzi zizini usiku wakaona macho yanawaka.

Chukua boksi, bandika ndani rifleketa ya baiskeli, toboa tundu la kuchungulia upande wa pili, ziba kila mwanya. Mtoto akibana jicho pale ni giza tupu, kumbe rifleketa haina mwanga wake. Sasa toboa tundu lingine jirani kabisa na lile, mulika tochi. Inawaka nyekundu, mtoto anaruka! Kisha toboa tundu ubavuni mwa boksi, mwenzake amulikie hapo. Haiwaki tena, inaonekana plastiki tu. Waache wabishane kwanza. Rifleketa inaurudisha mwanga ulikotoka, hivyo anayeona inawaka ni yule ambaye jicho lake liko karibu na tochi. Jicho la fisi, kama la mbuzi na paka, lina utando kwa nyuma unaorudisha mwanga vivyo hivyo. Sungura ameshinda kesi, na waliohukumu ni wao.

Kufundisha kivuli si kazi kubwa, jua letu linatosha. Mapema Oktoba linapita utosini hapa Dodoma na kijiti kilichosimama wima kinakosa kivuli. Ila usiwatoe nje saa sita kamili, subiri kama saa sita na nusu, kwa sababu saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki na sisi tuko karibu na nyuzi 36, hivyo jua linachelewa kufika utosini kwetu.

Jihadhari na hadithi ambazo mwezi unawasha taa yake. Nzuri kwa kulalia, lakini darasani zitakusumbua mwaka mzima.

Daftarini nataka mchoro mmoja tu wenye mishale: tochi hadi rifleketa, rifleketa hadi jicho. Atakayechora mshale unaotoka jichoni, mrudishe kwenye boksi.